Mke Mwenzangu wa Karatasi

Mume wangu wa ndoa sikumwonea wivu hata siku moja. Alikuwa mcheza ngoma hodari, akitoka jioni anarudi jogoo wa pili, na mimi nimelala usingizi wangu. Wanawake wenzangu walikuwa wakinisema: huyu mwenzetu hana damu. Damu ilikuwapo. Ilikuwa inamngoja mume wa pili, aliyeletwa kwangu Makote mimi nikiwa mjane tayari, yeye ana miaka sita, meno mawili ya mbele hana, na kaptura ameishikilia kwa mkono isidondoke.

Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Ndio utani wetu, na bibi asiyetaniana na mjukuu wake watu humwangalia mara mbili. Binti yangu ni muuguzi, alihamishiwa kituo cha mbali huko pwani, na baba wa mtoto ni dereva wa malori, leo yuko Tunduma, kesho hajulikani. Basi mtoto akawa wangu. Nilimwambia siku ileile, “Karibu mume wangu, mahari umeleta?” Akanitazama, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha muwa alichokuwa amekitafuna nusu. Nikakipokea. Ndoa ikafungwa.

Shule mimi niliishia darasa la tatu. Herufi nazijua, lakini kama mtu anavyowajua watu wa kijiji cha pili: namwona, namtambua, ila hatukai pamoja. Mali yangu mimi ni majina. Kila aliyezaliwa upande wetu tangu nilipopata akili nalijua jina lake, la mama yake, la mama wa mama yake, na jina alilopewa alipotoka unyagoni. Padri akitaka kujua nani alibatizwa pamoja na nani, huja kwangu kwanza. Humu sitataja hata moja. Wengi wako hai na wana midomo. Lakini mume wangu nilimfundisha. Tukienda shambani, mimi mbele na jembe, yeye nyuma na kidumu, namtajia bibi zake mmoja mmoja kwenda juu, naye anarudisha. Akikosea tunaanza upya. Alikuwa akifika mpaka kwa yule bibi aliyepanda huku juu Newala na mtoto mgongoni, watu wakikimbia vita bondeni Ruvuma. Kila jina lililotoka kwenye lile pengo la meno lilikuwa kama ananivisha kanga mpya.

Sasa huyo mwenzangu.

Ni mama mzazi wa baba wa mtoto, anakaa Masasi, jirani na kanisa. Kwao ni watu wa kanisa tangu enzi za misheni: babu yake shemasi, baba yake mwalimu, na yeye mwenyewe mwalimu mstaafu. Anavaa viatu vya kufunga kamba hata kwenye mchanga. Na ana adabu, hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Alipokuja likizo ile ya mwezi wa sita aliniwahi kabla sijafungua mdomo.

“Shikamoo, mkwe.”

“Marahaba, mkwe. Karibu.”

Mtu akikuanza kwa shikamoo utamchukiaje? Nilijaribu.

“Mume wetu yuko wapi?” akauliza.

“Wetu?”

“Kwani mimi si bibi yake? Au huku Newala mnafunga ndoa za mke mmoja tu?”

Wanawake waliokuwa uani kwangu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, maana utani haujibiwi kwa kununa. Lakini nilikuwa nimeshakiona kikapu chake. Nilidhani amemletea mtoto shati. Akatoa vitabu. Vyembamba, vyenye picha, vya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nikasema moyoni, haya, huyu kaja na karatasi. Mimi nina kuku bandani. Tutaona.

Jioni ile kabla jua halijazama alimkalisha mtoto barazani akaanza kumsomea habari za mbuzi aliyekataa kuuzwa. Mbuzi anavutwa kwenda mnadani, mbuzi anakaza miguu, mnunuzi anakuja na kofia yake, anamshika mbuzi pembe, anamfungua kinywa ayatazame meno, na hapohapo mwalimu akafunga kitabu. Pa!

“Ikawaje?” mtoto akaruka.

“Mengine kesho.”

“Bibi, alimng’ata?”

“Kesho, mume wangu.”

“Alimng’ata mkono au kofia?”

Alimfuata mpaka mlangoni pa choo. Nilimsikia anauliza akiwa nje, “Bibi, niambie tu kama alimng’ata,” na mwenzangu ndani anacheka. Kuku wangu nilikuwa nimeshamchinja. Mume alikula paja bila kujua anakula nini.

Mimi hadithi nikiianza naimaliza. Ndivyo nilivyolelewa, kumkatia mtoto hadithi katikati ni kama kumpokonya sahani. Kumbe mwenzangu alijua kwamba njaa nayo ina kazi yake. Asubuhi tukiwa njiani kwenda shamba nikamwambia, haya, nitajie bibi zako. Akataja watatu, akaruka wawili, akasimama katikati ya njia.

“Mke wangu, mbuzi akiuzwa mbali anaweza kukumbuka njia ya kwao?”

Aliowaruka mmoja ni mama yangu mzazi.

Siku ya kuondoka, mwenzangu aliniita pembeni. “Mkwe, mtoto huyu ana kiu ya kusoma. Akifika darasa la tatu ningependa aje akae kwangu Masasi.”

“Kwetu mtoto ni wa upande wa mama,” nikamwambia.

“Najua, mkwe. Sijaja kuchukua ukoo. Nataka tu asikose vitabu.”

“Chakula hakosi.”

“Sikusema chakula.”

Akaniaga vizuri, kwa mikono miwili. Vitabu akaviacha. Na kuanzia siku ile nilijua nashindania nini: akifika darasa la tatu, mtoto atakuwa wangu au atakuwa mgeni anayenijia likizo.

Mtoto akaviweka vile vitabu chini ya mto wake. Akitoka shule, kabla ya shikamoo, mkono uko chini ya mto. Nilimwambia jirani yangu, mwanamke mmoja mnene mwenye maneno, kwamba nimeletewa mke mwenza wa karatasi, haombi chumvi, hachoti maji, na mume hamwachi. Akasema, “Afadhali wa karatasi, mvua ikinyesha analowa.” Tukacheka. Mvua zilikuwa mbali.

Siku moja mtoto akiwa shuleni nikakichukua kile cha mbuzi. Nikakaa nacho kama mtu anayemhoji mwanamke mwenzake: wewe una nini ambacho mimi sina? Nikasoma mstari wa kwanza, herufi kwa herufi, mdomo unacheza. Nilipofika mwisho wa mstari nilikuwa nimeshasahau mwanzo wake. Mimi! Mimi ambaye watu huja kuniuliza jina la mtoto aliyefia tumboni kwa shangazi yao. Nilikirudisha chini ya mto nikakilaza vilevile kilivyokuwa, kichwa upande wa ukuta. Nikajua kwa njia hii simpati mtu.

Ndipo ikaingia korosho.

Zile za kula nyumbani na za kuwapa wageni tunabangua wenyewe. Unawasha moto nje, unaweka bati, unamwaga korosho, zinatoa mafuta, zinalipuka moto na moshi unaokutoa machozi. Unazimwagia mchanga. Zikipoa, wanawake mnakaa chini, kila mtu na jiwe lake, mnagonga ganda, mnatoa kiini. Mafuta ya ganda yanachoma na kuweka ngozi nyeusi wiki nzima, hivyo tunajipaka majivu. Mtu mwenye mikono hiyo hashiki mtoto mchanga, hashiki nguo nyeupe, wala hashiki kitabu.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti na mbuzi wake. Wivu ukanipa akili.

“Mume wangu,” nikamwambia, “unakula peke yako na wageni wapo?”

“Sili kitu, mke wangu. Nasoma.”

“Ndiyo hiyo nasema. Mikono yetu unaiona. Tusomee basi, au huyo mkeo wa Masasi alikwambia ufiche?”

Akasimama. Akaanza kusoma kama wasomavyo shuleni, mbio, bila kupumua, kama mtu anayepita makaburini. Jirani yangu mnene akaweka jiwe chini.

“We mwanamume, unakimbizwa na nani? Na mbona hutungoji tukuitikie?”

Maana kwetu msimuliaji hatembei peke yake. Anasema neno, wasikilizaji wanaitikia, enhe. Anasema jingine, enhe. Wasipoitikia anajua wamelala au wamekasirika. Sisi hatukujua kwamba kitabu kina taratibu zake nyingine. Kwetu hadithi ni hadithi, iwe imetoka mdomoni au kwenye karatasi. Basi akasoma, “Palikuwa na mbuzi mmoja,” tukasema, “Enhe!” Akashtuka, akatutazama, akasoma tena, “Mbuzi huyo hakutaka kuuzwa.” “Enhe! Nani anataka?” Lile pengo la meno lilikuwa limeshaziba, lakini alivyotabasamu nililiona tena.

Kilichofuata sikukitegemea. Wale wanawake waligombana na kitabu.

“Huyo mbuzi ni wa nani? Mwenyewe hana mama?”

“Kitabu hakijasema,” mtoto akajibu.

“Kitabu gani hakijui mama wa mtu? Tazama vizuri.”

Akatazama. Akarudi nyuma kurasa mbili, akasoma upya, kidole kinatembea. “Hapa! Kuna bibi kwenye picha, ameshika kamba nyingine.”

“Basi huyo ndiye mama. Endelea.”

Mwingine akasema mwanamume asiyejua kumfunga mbuzi mkorofi lazima ni wa mjini. Mtoto akasema hapana, imeandikwa mkulima. Akaambiwa, thibitisha. Akathibitisha. Walipofika kwenye mnunuzi kung’atwa, jirani yangu alicheka mpaka akajipaka majivu usoni, akaamuru irudiwe. Ikarudiwa. Kesho yake mtoto alirudi kutoka shule mbio, si kwa ajili ya kitabu tu. Alikuwa amekisoma peke yake saa ya mapumziko akitafuta majibu, ili wanawake wasimshinde.

Vitabu vile vilisomwa uani kwangu mpaka vikalegea mgongo. Vilipoisha akaazima vya shule. Niliona nimeshinda. Mwenzangu kamfundisha njaa, mimi nimempa watu wa kula nao. Nilikaa katikati ya wale wanawake nikigonga korosho zangu kama malkia.

Halafu jirani yangu akamwita akasome kwake.

“Leo kubangua kuko kwangu,” alimwambia mtoto, si mimi. Na mtoto akaenda, kitabu kwapani, anaruka. Niliwasikia ng’ambo ya ua wakiitikia, enhe, enhe, na vicheko. Nilitoka nikasimama kwenye uzio.

“Nyie! Kuazima ungo kuna adabu yake, sembuse mume!”

“Njoo basi mkewe, nafasi ipo!”

“Siji!”

Nilikwenda. Ningefanyaje? Mbuzi nilikuwa nimeshammaliza, lakini kitabu hicho cha leo sikuwa nimekisikia.

Mwezi wa kumi na mbili, mtoto akiwa amemaliza darasa la pili, mwenzangu akaja na jambo lake lilelile. Kwetu mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba, kwa hiyo nilimwita mwanangu wa kiume kutoka Newala mjini, akaja, akakaa kwenye kiti, sisi bibi wawili kwenye mkeka, na majirani, ambao hawakuitwa, kila mmoja akapata sababu ya kupita. Mwalimu akaomba kwanza amsikie mtoto akisoma. Akamtolea kitabu kipya.

Mtoto akasoma sentensi moja. Akanyamaza.

“Endelea,” mwalimu akasema.

Akasoma ya pili. Akanyamaza, anatutazama.

“Mbona unasimama? Neno gumu?”

“Hapana, bibi. Nangoja waitikie.”

“Kitabu hakiitikiwi, mume wangu. Kinasomwa.”

“Enhe!” akasema jirani yangu kutoka mlangoni, na uwanja mzima ukacheka. Mwalimu hakucheka. Nilimwona uso umekaza, nikasema moyoni, sasa umekasirika, sasa tumelingana. Akamwambia mtoto aende mpaka mwisho bila kusimama. Akaenda. Akamuuliza maswali. Mtoto akayajibu, kisha naye akamuuliza: kwa nini huyu msichana anapewa zawadi na nduguye hapewi, na wote wameokota kuni? Na mama yao yuko wapi kwenye picha ya mwisho?

Mwenzangu akakipokea kitabu. Akanigeukia mimi, si mjomba.

“Mkwe, nimefundisha tangu nikiwa msichana. Watoto wa kusoma mbio nimewapata, wa kukariri nimewapata. Wa kugombana na kitabu ni huyu. Umemfanyaje?”

Nilisema, “Tulikuwa tunabangua korosho.”

“Basi,” akasema, na sauti ilikuwa ya upole, Mungu ananiona, afadhali angenitukana, “ndiyo sababu lazima aje. Vya hapa amevimaliza.”

Unaona ilivyonipata. Nilichokifanya ili abaki ndicho kilichokuwa kinamwondoa.

Mjomba akamuuliza mtoto anasemaje. Mtoto hakusema anataka wala hataki. Alimuuliza mwalimu, “Masasi kuna vitabu vingapi?”

“Kabati zima.”

Akanigeukia, macho kama taa. “Mke wangu! Kabati zima!”

Alikuwa ananipa habari njema. Alitaka nifurahi naye. Wote wakaningoja, hata mjomba, na ningesema hapana ingekuwa hapana, maana mwanangu haniendei kinyume. Nilikuwa nalo lile neno mdomoni.

“Enhe,” nikasema.

Mjomba akakata shauri: shule akasome Masasi, likizo zote Makote.

Alirudi mwezi wa sita. Nilimsubiri barabarani tangu gari la kwanza, ingawa nilijua atakuja na la pili. Amerefuka, anavaa viatu vya kufunga kamba kama mtu fulani. “Mke wangu, shikamoo!” Akanikumbatia, akanitajia bibi zake wote bila kuombwa, mpaka yule wa Ruvuma, bila kuruka. Mwenzangu ndiye aliyekuwa anamtajisha, ameniandikia majina aliyoyasikia kwa mtoto ili nimwambie kama yamekosewa. Hayakukosewa. Hata hapo kaniingilia.

Alasiri nikakaa chini kumenya muhogo wa kukausha makopa. Nikamtengea kigoda mbele yangu. Akaja na kitabu kinene, hakina picha hata moja, akakaa, akafungua. Nikaweka sikio tayari.

Kimya.

Macho yanakwenda, mdomo umefungwa. Akageuza ukurasa. Kimya. Nikamenya mihogo miwili. Halafu akacheka peke yake, kicheko kidogo cha puani, kama mtu aliyenong’onezwa jambo na rafiki.

“Unacheka nini?”

Hakusikia.

“We mume! Unacheka nini?”

“Subiri, mke wangu, nimalize hapa.”

Hakuwa na ujeuri hata chembe. Alikuwa hayupo tu. Mwalimu nilimwonea wivu, na majirani, lakini hao ungeweza kuwafuata mpaka ua wao ukakaa nao. Huko alikokuwa mtoto wangu sasa hakuna mkeka. Na yule mwalimu, nilimfikiria kwa mara ya kwanza bila hasira, naye bila shaka anakaa vivi hivi kule Masasi, ameweka kigoda, anangoja mtoto amalize.

Jirani yangu akachungulia juu ya uzio. “Karudi? Hebu atusomee! Na maji yametoka bombani, mtume haraka, foleni inajaa.”

Mtoto aliinua kichwa nusu, kidole kimeshika mstari.

Nikaweka kisu chini. “Nyamaza, mama, mtu anasoma,” nikamwambia. Nikajitwika ndoo yangu tupu nikaenda mwenyewe, na magoti haya, na njia nzima nilikuwa nikimsema vibaya huyo aliyekiandika kile kitabu.